Kachori kwa Mama Nilesh

Jumamosi, 13 Septemba

Viazi vya Kinigi kilo mbili, vimechemshwa, vimepondwa. Ndimu, chumvi, pilipili, kotimiri. Uji mzito wa unga wa dengu na manjano. Kidole kimeungua, kama kila Jumamosi. Josiane, mke wangu, amekaa mlangoni na chai yake, ananitazama kama mtu anayetazama timu yake ikifungwa. Alilelewa Bujumbura. Kwake kachori ni kiazi kilichovaa koti bila sababu.

Mimi nililelewa Mwanza. Mbele ya shule yetu, mzee mmoja wa Kihindi alikaanga barazani kwake, akakufungia mbili kwenye karatasi ya daftari na chatini ya nazi juu. Sasa nina miaka hamsini na mbili, mwalimu wa jiografia, na bado naitafuta ladha ile katika jiko la Remera.

Leo nimeipata. Umbo hapana, zilikuwa kama mawe ya mtoni. Lakini ladha, yenyewe.

Nikampelekea sita jirani yetu, Mama Nilesh. Naye ni wa Mwanza, alinunua kwa mzee yule yule. Mjane, mumewe alifariki mwaka jana. Hali nyama, samaki wala yai, tangu azaliwe. Kwa watu hali kabisa, maana sufuria zao hajui zimepita wapi. Za kwangu kala. Nne, amesimama pale pale getini. "Baba Keza, umenirudisha kwa mzee," akasema, machozi yakimlengalenga. Nimerudi kifua mbele.

Jioni

Josiane kafunua chungu. "Mafuta ya sambaza yameenda wapi?"

Alhamisi nilikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu. Nikayachuja mafuta, nikayahifadhi chunguni, kama kawaida yangu. Simwagi mafuta, huwa najisifu kwa hilo. Leo nimeyatumia bila kuwaza.

Nimekaa chini.

Jumapili, 14 Septemba

Misa. Nimemwombea kila mtu mtaani isipokuwa yule niliyemkosea. Kurudi, nimezunguka njia ya juu ili nisipite getini kwake. Mtu mzima, suti ya Jumapili, ananyata.

Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikumwambia.

Jumanne, 16 Septemba

Mama Nilesh karudisha sahani. Haikurudi tupu, kaijaza matunda ya pasheni. Akauliza nilitumia mafuta gani, kwa kuwa za kwake hazijawahi kutoka vile.

Nikasema: alizeti.

Ni kweli ni ya alizeti. Hata dumu lina picha ya ua. Sijawahi kusema kweli chafu kama ile.

Pasheni sijala. Josiane kala zote, anasema hazina hatia.

Ijumaa, 19 Septemba

Mambo yameharibika. Jumapili ya tarehe 28 Mama Nilesh anamfanyia mumewe kumbukumbu ya mwaka. Ndugu wachache na watu wa hekaluni kwao. Anataka kachori arobaini, nizikaange mimi. Sahani ya kwanza itawekwa mbele ya picha ya marehemu, ndipo wageni wale. Marehemu naye alilelewa na kachori za yule mzee. Anasema tangu afiwe hajawahi kumwamini mtu kumpikia ila mimi.

Nikasema sawa, Mama Nilesh, bila wasiwasi.

Ulimi huu sijui ni wa nani.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimepata mpango. Nimeshuka Muhima asubuhi, nimenunua karai jipya, kijiko kipya cha matundu, mafuta ambayo hayajaona samaki hata kwa mbali. Nitamkaangia safi, sitasema neno, yaliyopita yatakuwa yamepita. Nilijiona mwerevu mpaka saa saba mchana.

Nimekaanga za majaribio, nikampelekea mbili. Kala moja, taratibu, kichwa kimeinama.

"Nzuri," akasema. "Ila zile za kwanza zilikuwa na Mwanza ndani yake. Leo umepunguza nini?"

Nikasema labda ni ndimu.

Nilipomsimulia Josiane alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, sura kavu: "Na yule mzee wako wa Mwanza, mafuta yake ulishawahi kuyachungulia?"

Wazo hilo nimelifukuza. Nililo nalo linanitosha.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Mmoja kaandika kwamba mto Nyabarongo unapanda mlima. Nimempa alama, kwa huruma ya mkosaji kwa mkosaji.

Josiane hacheki tena. Leo kaniambia: "Weye unamuogopa mama wa kilo arobaini na tano. Unangoja nini? Auweke uongo wako mbele ya picha ya marehemu, ndiyo useme?"

Nikaosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Sambaza hawaniumi sana, nilisahau. Kinachoniuma ni lile neno alizeti. Lile sikulisahau, nililichagua.

Jumatano, 24 Septemba

Nimesema.

Nilienda baada ya shule, na tai bado shingoni. Alikuwa anachambua mchele barazani. Nikaanza na Alhamisi, sambaza, chungu, nikafika getini na zile nne alizokula. Nilitaka kuongeza kwamba tuna mafuta mengi nyumbani, mtu huchanganyikiwa. Nikaacha. Ilitosha.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha swali moja tu.

"Jumanne nilipokuuliza mafuta, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi habari ya samaki ni yangu na Mungu wangu. Jumanne ni ya kwako."

Akanyanyuka na ungo wake, akaingia ndani. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa. Likatiririka muda mrefu. Nilibaki nimesimama barazani kwa watu kama mkimbizi wa mvua, kisha nikaondoka.

Najisikia mchafu. Sidhani kuna neno la adabu zaidi.

Alhamisi, 25 Septemba

Pazia la jikoni kwake limefungwa kutwa nzima. Josiane kasikia kwamba Mama Nilesh kafunga, anakunywa maji tu. Nami sikula mchana. Haimsaidii chochote, najua. Josiane kanipa ugali jioni, kasema hakuna aliyenituma kufunga na kwamba nisijifanye mtakatifu sasa hivi.

Ijumaa, 26 Septemba

Pazia.

Jumamosi, 27 Septemba

Umuganda, usafi wa lazima wa kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tuko nje na mafagio na majembe, tunazibua mtaro. Mama Nilesh alikuja na kofia ya marehemu mumewe, akafagia upande wa pili wa barabara. Nilichimba kwa nguvu ambayo mtaro ule haukuihitaji. Mgongo umekwisha.

Wakati watu wanatawanyika alipita karibu yangu. Hakusimama kabisa, alipunguza mwendo tu.

"Kesho saa mbili, Baba Keza. Nina viazi vingi. Njoo mikono mitupu."

Jumapili, 28 Septemba

Mikono mitupu. Kisu kanipa yeye, ubao wa kwake, aproni ya kwake yenye maua. Kaninawisha kwenye bomba kama muuguzi. Kazi yangu: kumenya na kuponda. Jiko sikuruhusiwa kulisogelea. Nilimenya kilo sita, yeye akikaanga kanipa mgongo. Hakutaja sambaza. Hakutaja Jumanne.

Chakula cha siku hii hakionjwi kabla marehemu hajawekewa sehemu yake. Nilitamani kuonja, nikajishika. Sahani ilikwenda mbele ya picha, wakaomba kwa lugha yao, nami nikasimama nyuma karibu na viatu.

Kisha wageni wakala. Wakasifu, mmoja mmoja, mezani pote. Mama Nilesh alikula moja, akaniwekea mbili kwenye sahani ndogo na kubaki amesimama pale.

"Zikoje?"

Wageni walikuwa wananitazama. Nikatafuna, nikameza.

"Chumvi imepungua, Mama Nilesh."

Akanyoosha mkono mezani, akanisogezea kichupa cha chumvi, akaenda kuwamiminia wengine chai.