Maji ya Makomamanga

Kwako dada Tassadit,

Sisi hatujambo. Paka amezalia kabatini, juu ya gauni lako la harusi, na mama amekataa kumwondoa.

Umeuliza mbona baba hasemi nami. Kwa ukame huu nilifunga maji ya umwagiliaji, dada, bonde zima, na shamba lake la makomamanga limo. Juzi akaja bwawani mwenyewe, amenuna.

"Haya, mhandisi. Nionyeshe hayo maji unayotuficha."

Nikashuka naye ndani ya mnara wa kutolea maji bwawani. Kumbe miaka yote hajawahi kuingia! Akagusa kila gurudumu, akauliza kila bomba linakwenda wapi. Nikamwonyesha tundu linalopeleka maji huko kwenu mjini. Maji yalikuwa juu ya tundu hilo kwa kimo cha mtu tu.

"Nikiyafungulia mashamba maji, baba, tundu hili litakauka kabla ya mvua."

Akachungulia muda mrefu. "Ndiyo anayoogea mjukuu wangu?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Basi mwambie Tassadit amsugue vizuri. Anaogea makomamanga yangu."

Jana nilipita shambani. Aliitikia salamu yangu, kisha akaendelea kukata miti iliyokauka.

Nambusu mtoto, nawe pia,
Mdogo wako Wardia