Binti Yangu Amegoma Kusema Ahadi Mstarini

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana akili yangu imefika mwisho na mume wangu Masatu hataki tena kulizungumza jambo hili. Sisi ni Wakatoliki wa hapa Mukendo, Musoma, na binti yetu Skolastika yuko darasa la nne, mtoto mtiifu ambaye alikuwaga akiisema ile ahadi ya shuleni hata akiosha vyombo, kwamba atasema kweli daima na hatatoa wala kupokea rushwa, nasi tukijivuna. Sasa hali ya mwaka huu unaijua, dukani hakuna sabuni wala sukari, na mimi naletewa sabuni ya magendo kupitia mpakani Sirari, naiuza kidogokidogo ili tule, na mwezi uliopita mgambo walipopita wakisaka walanguzi nilijificha jikoni nikamtuma Skola mlangoni aseme mama amesafiri na sabuni hatujaiona tangu Pasaka. Alisema vizuri, wakaondoka, nikampa kipande cha sukari guru.

Kesho yake mstarini wenzake wakasema ahadi, yeye akafunga mdomo, na siku zilizofuata vilevile, mpaka mwalimu mkuu, Mwalimu Machage, akamchapa, na bado hakuisema. Nilipomwuliza nyumbani akanijibu polepole: "Mama, nikisema nitasema kweli daima, nitakuwa nimedanganya mara ya pili."

Mwalimu Machage akatuita, kumbe ameshaamua mwenyewe kwamba ni mambo ya dini, tumejiunga na wale wasiosalimu bendera, na tusipokwenda kukana mbele ya kamati ya shule mtoto atafukuzwa. Nilitaka kukana palepale, halafu nikaogopa ataniuliza sababu basi ni nini, nikainamisha kichwa kama mtu mwenye dini hiyo kweli, na sasa habari zimefika parokiani na Padri ameniuliza kama bado nasali kwake. Masatu anasema tumpeleke mtoto kwa bibi yake Butiama akasome huko, nami namwambia Butiama, kijijini kwa Rais mwenyewe, ndiko ahadi inakosemwa kwa sauti kuliko kote. Na linaloniuma zaidi, mke wa Mwalimu Machage ni mteja wangu wa sabuni. Je, nimlazimishe mtoto aseme, au shule ndiyo iache kuwaahidisha watoto?

Mama wa Mukendo

*

Mama wa Mukendo,

Pole. Nilicheka nilipofika kwenye dini yako mpya, kisha nikamfikiria mtoto aliyechapwa kwa ajili yako nikaacha.

Mimi sioni ubaya watoto kuahidi mema. Lakini shule nzima inaikariri ahadi kama hesabu za kuzidisha, na huyu mmoja aliyeisikiliza ndiye mnataka kumfukuza. Wewe umemtuma kudanganya, mwalimu amemchapa kwa kukataa kudanganya, na baba anataka kumhamisha. Watu wazima watatu hao, na mwenye akili ana miaka kumi.

Usimlazimishe. Keti naye leo, umwombe msamaha kwa maneno, bila sukari guru. Mgambo wakibisha tena, fungua mlango mwenyewe. Sikuambii uache biashara, maana sijui utawalisha nini, na shati nililovaa hapa halikufuliwa kwa majivu. Nakuambia usimweke mtoto mlangoni.

Kisha nenda kwa Mwalimu Machage pamoja na Masatu kabla kamati haijakaa. Msiende ofisini, nendeni nyumbani kwake, mkewe akiwepo. Mweleze sababu ya kweli, taratibu. Usimtishe, hutahitaji. Mwombe Skola asimame mstarini na wenzake, asiulizwe kitu, mpaka siku atakayoona mwenyewe anaweza kuisema. Nina hakika mwalimu ataelewa upesi sana.

Padri naye mwambie Jumamosi kwenye kitubio, ndipo mahali pake. Bibi wa Butiama mwacheni apumzike.

Na Jumatatu mtoto aende shule na sare safi. Sabuni unayo.