Kavutha wa Al-Safa

Mama Hana,

Magoti yanaendeleaje na baridi ya Nairobi? Huku Al-Safa, mtaani Jeddah, hata kivulini jua linachoma.

Unakumbuka nilipokuwa kwako, tukitafuta jina la ukoo wenu wa Kiyahudi kwenye sensa za zamani, mimi nikikusomea, mpaka tukamkuta babu yako kaandikwa jina la tajiri wake? Nilimwita mwoga kwa kulikubali.

Jana karani wa sensa alikuja hapa. Madam, tajiri wangu, akamwambia mfanyakazi wake anaitwa Maryam, jina alilonipa yeye siku niliyofika. Karani akanigeukia, "Ni kweli?" Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Nikaitikia kwa Kiarabu, "Aiwa, Maryam."

Ukienda makaburini, niombee radhi kwa babu. Na ukiniandikia, andika Kavutha, kwa herufi kubwa.

Wako akupendaye,
Kavutha