Ushauri wa Mbao

Jumanne, Julai

Kumbe binti yangu Mwende hakupiga simu kunipa tarehe ya kurudi nyumbani. Anajenga baraza ya mbao nyuma ya nyumba yake huko Kanada, na fundi seremala anayemwamini ni mimi.

"Baba, huku theluji inaikalia miezi mitano. Niweke mbao gani?"

Nilimjibu kama ninavyowajibu wateja. Achague mbao ngumu zilizokauka vizuri. Aache nafasi kati ya ubao na ubao maji yateremke, maana yakigandia ndani yatazipasua. Atumie skrubu zisizoshika kutu, apake mafuta kabla ya baridi, na asikwangue theluji kwa sepetu ya chuma. Theluji yenyewe sijawahi kuiona.

"Nikiitunza hivyo, itadumu?"

"Miaka ishirini na tano. Labda thelathini."

"Hiyo inatutosha, Baba. Sisi tutazeekea hapa."

Alisema hivyo kwa kupita tu, akaendelea na habari za mafuta. Nikamwambia sawa, mama.

Shamba letu la Ndithini nimewakatalia wanunuzi miaka minane kwa sababu ni la Mwende akirudi. Nilifikiri nikilijua jambo hili nitaumia. Sijasikia kitu. Nilirudi karakana nikapiga randa mlango wa watu mpaka ukawa mwembamba kupita kiasi, na kesho lazima nianze mwingine.

Mke wangu aliniuliza jioni Mwende alikuwa anasemaje.

"Ni mambo ya mbao."

"Na kurudi Desemba?"

"Hatukufika hapo," nikasema, nikamsongezea chai.