Dubu Aliyekula Maandazi Siku Tisa

Mpendwa Baba Mkubwa,

...na hapo sikupingi, dubu yule hakujua kama anategewa. Ndivyo nilivyotaka kukujibu Jumapili, salio likaniishia wakati wewe umeshapandisha sauti, "Mgeni hapigwi risasi!" kama vile bunduki niliishika mimi. Tumezungumza dakika kumi na moja, Baba Mkubwa, na zote zilikuwa za dubu. Hukuniuliza kama nimenenepa (nimenenepa). Hukuniuliza habari za mume wangu Issa. Ndiyo maana leo nimechukua karatasi. Karatasi haikatiki katikati ya maneno, na wewe huwezi kuipigia kelele ikanyamaza.

Unaikumbuka siku alipoletwa yule dubu? Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia la hapa Afrika Kusini. Wewe ulikuwa fundi wa ngozi katika karakana ile ya Turffontein, hapa Johannesburg, wanakochukua ngozi ya mnyama aliyewindwa wakaijaza mpaka akasimama tena kama anataka kukuuliza njia. Mimi niliuza maandazi getini, kwa ruhusa yako na chini ya jicho lako. Tulishazoea swala, nyati, hata chui. Siku hiyo likafunguliwa sanduku kutoka ng'ambo, ikatoka ngozi nyeusi, nzito, yenye makucha kama reki. Karakana nzima ikaacha kazi. Wewe uliipapasa kwa kiganja, ukasema polepole, "Huyu kwao kuna baridi, maskini."

Mwenye ngozi, Mzungu mwenye duka la matairi, alikuwa amekuja kuisindikiza, na alitamani sana kusimulia. Alikwenda kuwinda Kanada. Wenyeji wake walijaza pipa maandazi ya sukari yaliyolala, wakamwagia asali, wakaliacha msituni. Dubu akaja akala. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kisha Mzungu akapanda kwenye dungu juu ya mti, akakaa kimya na bunduki yake. Issa, ambaye wakati huo kwangu alikuwa tu yule kijana Mrundi wa kuchanganya dawa za ngozi, ndiye aliyekuwa akitutafsiria.

"Muulize," ulimwambia, "alikula siku ngapi kabla hajapigwa?"

"Siku tisa, Mzee."

"Siku tisa! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe! Nani alisema ya kumi mpe risasi? Haya, mtafsirie."

Issa akamgeukia Mzungu, akatabasamu, akamwambia kwamba mzee anampa hongera.

"Nimempa hongera mimi?" uliuliza. "Kijana, Kiingereza cha hongera nakijua."

Nilicheka mpaka ndoo ya maandazi ikataka kunidondoka. Mzungu alipoondoka, ndipo mlipoanza ule ubishi ambao haujaisha hadi leo. Issa alisema kwa chambo mwindaji anamwona mnyama vizuri. Anajua kama ni dume, kama ni mama mwenye watoto, na akipiga anapiga mara moja. Ukimkimbiza porini, alisema, unamjeruhi tumboni, anakwenda kufa siku tatu vichakani. Wewe ukajibu kwamba kule Uvinza, ukiwa kijana, wewe na babu mlimfuata pofu mmoja, yule swala mkubwa kama ng'ombe, siku mbili kwa miguu, na siku ya pili jioni akawapotea, na mkarudi mkila mizizi, na hakuna aliyeona aibu.

"Mnyama awe na nafasi ya kukukimbia," ulisema, "na wewe uwe na nafasi ya kurudi mikono mitupu. Bila hivyo hilo ni bucha. Tena mkimzoesha dubu maandazi, kesho ataingia jikoni kwa mtu, na huko nako atapigwa."

"Bon, sawa, Mzee, basi wavuvi nao watupe ndoano?"

"Samaki hajawahi kula siku tisa kwangu!"

Na maneno yote hayo Issa aliyasema ameshika andazi langu, la nne asubuhi ile, mafuta yaking'aa kwenye masharubu. Baba Mkubwa, sijui nikuelezeje. Wasichana wengine hupenda macho, wengine hupenda sauti. Mimi nilimtazama mwanamume anabishana kuhusu dubu ambaye hajawahi kumwona akiwa hai, kwa adabu, bila kumeza kabla ya kutafuna vizuri, na moyo wangu ukasema: yule. Basi. Yule.

Tangu siku ile, nakiri kwa maandishi, yale makubwa yenye iliki nyingi niliyaweka chini ya ndoo, yakimsubiri.

Ulikuja kugundua siku ya posa. Wazee wa msikitini Mayfair walikaa kwenye makochi yetu, kila kitu kinakwenda vizuri, wewe ukauliza swali lako moja tu: "Kijana, nini kilikuleta kwa binti yangu?" Mtu mwenye akili angetaja tabia. Angetaja dini. Mume wangu, kipenzi changu, mtu asiyejua kudanganya ila kwa Kiingereza, akasema: "Mzee, ni maandazi."

Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya chai. Uliita, "Wewe binti! Ulimwekea pipa?" Kisha ukamwonyesha Issa kidole mlangoni. "Mwanangu, mlango uko wazi. Kimbia. Nakupa nafasi ambayo dubu hakupewa."

"Nimeshapigwa, Mzee," alisema Issa. "Sikimbii."

Ulicheka. Wazee walicheka. Nilijua umempenda.

Sasa nije kwenye siku ambayo hatuitaji, ya harusi. Ulinilea tangu baba alipofariki, kwa hiyo walii wangu ulikuwa wewe. Ulimshika Issa mkono mbele ya watu, ukaniozesha kwa sauti iliyotetemeka kidogo, ukajifanya ni kikohozi. Kisha likaja pilau. Issa alikuwa amelewa furaha. Ukimuuliza leo jina la mtu yeyote aliyekuwepo, halijui. Alisubiri mpaka umekwishapeleka tonge karibu na mdomo, akasimama mbele ya wageni wote akasema: "Baba Mkubwa, leo nimekutegea pilau, na umekuja mwenyewe kwa miguu yako!"

Watu walianguka kwa vicheko. Somo yangu alipiga vigelegele. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nikiwa na hina mpaka viwikoni.

Uliliweka tonge chini. Ukanawa mkono. Ukavaa viatu, ukaondoka bila neno, na wiki iliyofuata ukachukua kazi ya ulinzi kwenye shamba la parachichi huko Tzaneen, kama vile Johannesburg imeishiwa wanyama wa kuchuna.

Kwetu walii akiondoka bila kula, watu husema mkono alioutoa ameurudisha. Najua wewe husemi mambo hayo. Lakini kila nikipakua chakula hapa chumbani kwetu, ninasikia kama nimeolewa nusu.

Nusu yenyewe lakini ni tamu, Baba Mkubwa, wacha nikuambie! Tunakaa Turffontein bado, upande wa uwanja wa mbio za farasi. Alfajiri tukisikia kwato za farasi wakifanyishwa mazoezi, Issa huniambia ni moyo wake. Naam, ni upuuzi, na kila siku nangoja auseme. Hunipigia pasi magauni. Akienda spaza kununua mkate hurudi mbio kana kwamba nitahama. Ananiita sheri, yaani kipenzi kwa Kifaransa chake, mbele ya majirani wa Kizulu, nao sasa wananiita Sheri, wanadhani ndilo jina langu. Kitu kimoja tu hagusi: pilau. Nikipika, yeye hula wali mweupe, anasema tumbo halimkai sawa. Miezi mitano tumbo halimkai sawa.

Sasa ungamo kubwa. Yale maandazi unayoletewa kila Ijumaa na dereva wa lori la parachichi, ukaambiwa ni sadaka ya akina mama wa msikitini: ni yangu. Ni chambo. Lilikuwa wazo la Issa. "Atakula, atazoea, atayafuata yanakotoka," alisema. "Siku ya kumi anatokea, utaona." Hii ni wiki ya kumi na nne. Dereva anasema unapokea, unashukuru Mungu, unafunga mlango. Tena umeanza kulalamika kwamba iliki imepungua. Eish! Sisi tuko juu ya dungu letu hapa tunavunjika migongo, na wewe unanawiri.

Juzi usiku baada ya ile simu nilimwambia Issa kwamba hukumuulizia. Akasema, "Mzee ana haki. Kuhusu dubu tutabishana hadi Kiyama, na bado naona risasi moja ni bora kuliko siku tatu za vichakani. Lakini mtu ukimkaribisha, humgeuzi mchezo akiwa na tonge mkononi. Hilo hata yule Mzungu hakumfanyia dubu. Yeye angalau hakucheka."

Kisha mume wangu alilia, Baba Mkubwa, na mimi nikalia, maana na mimi nilicheka siku ile, na hakuna aliyenilaumu. Unilaumu basi. Nilikuwa bibi harusi na binti yako, ningeweza kusimama nikakushika kanzu.

Maandazi ya Ijumaa nimeyasimamisha. Dereva amekasirika kuliko utakavyokasirika wewe. Kumbe alikuwa anakula mawili njiani. Hatukutegi tena. Tunakuja wenyewe. Issa ameshaomba ruhusa kazini, na tutapanda gari Park Station mapema. Safari hii hatubebi kitu, hata chumvi. Tutakuja na njaa. Utupikie wewe, ugali na chochote kilichopo, na ule nasi kwenye sinia moja. Issa ana jambo la kukuambia, ila amekubali kulisema kabla ya kunawa mikono, na amenipa ruhusa ya kumkanyaga mguu akitaka kuongeza mzaha.

Usitoke kwenda popote Jumamosi hizi. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona getini kwako, mmoja anaogopa, mmoja anakimbia kuja kukukumbatia.

Mimi binti yako,
uliyemwozesha kwa mkono wako mwenyewe