Vidaka vya Mama Ukutani

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
9 Juni 1947

Mpendwa Kaka Garama,

Salamu nakupa kwa kuwa mama alitufunza kusalimu hata tukiwa tumenuna. U hali gani huko Kisumu? Wifi Florence hajambo? Sisi tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Mengine usiulize, maana ndiyo niliyoketi kuyaandika.

Barua yako nimeipata. Wataka kujua kwa nini mama yuko kimya, na kama ameupenda ukuta wake mpya. Haki ya Mungu, una uso mkavu.

Ulikuja Pasaka, ukamngoja mama aende shamba, ukaupaka ukuta wote chokaa, eti mwalimu wa kanisa anakuja kula kwetu na michoro ya makaa aliyoichora mama yafanana na mambo ya waganga. Mama yetu ndiye mganga? Alibatizwa Rabai wewe hujazaliwa. Wifi alikuzuia, ukamwambia anyamaze. Na mwalimu alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza michoro imekwenda wapi. Ukajitia kukohoa.

Mama hajui kuandika, wala si mtu wa maneno. Hali yake tuliijua kwa kuutazama ukuta. Akikasirika alichora chungu kifudifudi, nasi tukapunguza kelele. Baba alipokufa alichora kinu bila mchi. Ulipozaliwa wewe alichora mnazi, na kila mwaka akauongezea kuti. Hata mnazi huo umeufuta kwa mkono wako mwenyewe, na hilo ni lako, shauri yako.

Liniumizalo mimi ni vidaka. Wakumbuka chini ya mnazi, karibu na mlango, alichora vidaka viwili vya nazi, kama vile viangukavyo mtini kabla ya kukomaa. Hao walikuwa Ruwa na Sidi, ndugu zetu waliochukuliwa na surua. Makaburi yao ya Mikindani yalipitiwa na barabara, kwa hiyo mama hakuwa na pengine pa kuwakuta. Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alivigusa kwa kidole. Ulimwona akifanya hivyo tangu utoto wako. Ulijua, ukachovya brashi.

Siku ile mama alirudi na kuni kichwani, akasimama mlangoni hata mimi nikamtua. Hakulia. Tangu hapo kaa hakulishika ila la kupikia, na chakula anakionja tu. Mimi nikiuona weupe ule nakuchukia, kaka, wala sioni haya kukuandikia hivyo.

Kitambaa ulichomtumia nakirudisha. Sisi hatutaki vitu. Njoo wewe, umpigie mama magoti, na usipokuja usiniandikie tena.

Mjomba Tsuma asema hakujui mpaka akuone hapa. Wifi Florence mpe salamu zangu, yeye hana kosa. Mungu akulinde njiani, maana nataka ufike mzima nikugombeze vizuri.

Mama hakutoa salamu. Jana nilipomwambia nakuandikia, aliinuka, akachukua kaa jikoni, akauendea ukuta. Nilifurahi, nikadhani moyo wake umerudi. Amevichora upya vidaka vyake, palepale karibu na mlango. Mnazi hakuuchora. Na vidaka, safari hii, ni vitatu.

Dadako akupendaye kwa shida,
Kahaso