Miguu ya Shemeji Kwenye Chemchemi

Jumapili, 9 Februari

Chakula cha jioni kimenishinda. Kila nikipeleka tonge mdomoni naiona ile miguu.

Tulipanda Mlima Kigali, mimi, mdogo wangu Diane na Eric anayetaka kumwoa. Tulitazama mto Nyabarongo kutoka juu, tukapumzika msituni, tukawaona farasi wa kukodisha. Eric alituchekesha njia nzima. Nilianza hata kumpenda.

Tulipoteremka, Diane akataka aione chemchemi. Mama mmoja alikuwa anakinga maji kwenye dumu. Eric akavua viatu akatumbukiza miguu, juu kidogo ya pale mama alipokinga.

"Shemeji, watu wanakunywa hayo maji," nikamwambia.

"Si yanatiririka? Shemeji, tumekuja kutembea, mbona una sura ya afisa wa usafi?"

Akaendelea kusugua vidole. Yule mama alimwaga dumu lote, akakaa kwenye jiwe kusubiri maji yasafike.

Na Diane, niliyemlea tangu mama yetu afariki, alikuwa amemshikia soksi, anacheka.

Jumamosi wanakuja kuposa, na jibu la nyumba hii linatoka kwangu. Jioni Diane akaniuliza, "Dada, umemwonaje?"

"Yeye nimemwona. Wewe ndiye sikukutambua."

Amejifungia chumbani, analia. Nimesimama mlangoni mara mbili bila kubisha. Huruma ninayo, lakini Jumamosi sitasema ndiyo.